Mdhamini Hakasiriki

Kwanza niseme wazi: gari lenyewe sijawahi kulipanda. Hata siku moja. Kuna watu hapa Kabuku wakisikia nadaiwa Noah wanadhani nililizungusha mjini, nimevaa miwani, kiwiko nimekitoa dirishani. Thubutu! Mimi nilichopanda ni basi la kwenda Korogwe kuuliza kwa nini nadaiwa gari la mtu mwingine, na nauli nililipa mwenyewe.

Mwenye gari ni Raymond wa Old Korogwe. Babu yake alitoka Unyamwezi kuja kukata mkonge, mkataba ukaisha, akasahau kurudi, ndiyo tukapewa Raymond. Na Mnyamwezi kwetu sisi Wazigua ni mtani. Mtani si mchezo. Mtani akikutukana mbele za watu, unacheka. Akikukamatia kuku akaondoka naye, unacheka. Akija msibani kwako akajifanya marehemu ana deni lake, unacheka na hela unampa. Ukikasirika, wewe ndiye mwenye makosa, unatozwa faini papo hapo, na habari zako zitafika Handeni mjini kabla hujafuta machozi. Mtani hakasiriki. Hiyo ndiyo sheria tuliyokuta, na hakuna mbunge aliyeipitisha.

Marehemu mume wangu, Mhina, aliniachia vitu viwili vya maana: binti yetu Yusra na mashine ya kusaga. Yusra yuko chuo cha uuguzi. Mashine ndiyo inayomsomesha, inanilisha, inanivisha, na inanifanya niitwe mama mwenye mashine badala ya yule mjane. Kina mama wanatoka mpaka vijiji vya ndani kuja kukoboa na kusaga kwangu. Ile mashine ikinyamaza, Yusra anarudi nyumbani kukaa, na mimi nakwenda kuomba kibarua cha kupalilia mashamba ya watu nikiwa na magoti haya. Sina kitu kingine. Nalisema hili mapema ili mtu asije akaniuliza mbona nililia.

Sasa, Raymond alikuja siku ya soko, watu wamejaa, mashine inanguruma. Akapiga magoti kwenye pumba, suruali nyeupe na yote, akaniinulia mikono.

"Mtani wangu Hamisa," akapaza sauti, "nakopa Noah ya kubeba abiria, Korogwe na Handeni. Wenye hela wanataka mdhamini mwenye kitu. Nimezunguka ukoo wenu mzima wa Kizigua, mtu mwenye kitu ni wewe tu. Wengine wote wana usingizi!"

Watu wakacheka. Mimi nami ulimi haujawahi kunilala. Nikamwambia, "Nyinyi tangu enzi za misafara mmezoea mizigo kichwani. Gari la nini leo? Shingo zimechoka?"

Loo, kina mama walishikilia mbavu. Mmoja alimwaga unga wake. Nikajiona mimi ndiye mimi. Na katika ile raha ya kujiona nimemshinda Mnyamwezi kwa maneno, nikaweka sahihi.

Alikuja na dada mmoja wa kampuni ya mikopo, Elina, mpole, viatu vyake vimejaa vumbi letu. Elina akaniuliza, "Mama, umesoma ukaelewa?" Nikamjibu, "Mwanangu, kwa mtani hakusomwi." Watu wakacheka tena. Yeye hakucheka. Ningekuwa na akili ningejiuliza mbona mtu peke yake asiyecheka hapa ndiye mwenye kalamu. Akaandika kwamba dhamana ni mashine ya kusaga, injini na kinu chake, akaipiga picha. Na mimi, kwa ujinga wa kujipendekeza, nikajifunga khanga vizuri nikasimama pembeni ya injini nitokee.

Noah ikaja. Raymond akaibandika maandishi mpaka kioo cha nyuma. Alikuwa anaenda nayo kanisani, na kanisa liko jirani na kwao kiasi kwamba wakiimba anawasikia akiwa kitandani. Harusi ikitokea Magunga, yuko mbele ya msafara. Mtu akimuuguza mama yake, Raymond anampeleka hospitali, bure, maana yeye ni mtu wa watu. Abiria wa kulipa nao aliwabeba, siwezi kumsingizia, siku ambazo hakuwa na shughuli. Rejesho la kwanza akalipa. La pili akalipa nusu. La tatu akawatania wale wa kampuni. Kumbe wale si watani wake.

Gari wakalikamatia stendi ya Handeni, abiria wameshakaa. Wakashushwa wote na kuku wao. Habari ziliponifikia, unajua nilifanya nini? Nilishukuru Mungu. Nilisema, alhamdulillahi, gari limerudi kwa wenyewe, habari imeisha, na mimi na mashine yangu tumepona. Jioni ile nilipika wali. Hapa kwetu hakuna asiyeelewa hivyo: ukikopa ng'ombe ukamrudisha, unadaiwa nini tena? Mkia?

Basi bwana, simu ikapigwa. Nikaenda Korogwe ofisini kwao. Elina akanipokea vizuri, "Shikamoo mama," akanipa kiti, akanipa na maji. Watu wakikupa maji kabla hujasema una kiu, ujue lipo jambo.

"Mama, gari tuliliuza kwa mnada," akasema. "Bei iliyopatikana haikufikia deni. Limebaki salio."

"Kwani mliuza gari au mlango wake?"

"Gari zima, mama. Lakini lilikuwa limechoka. Halafu kuna gharama za kulikamata, za kulivuta kulileta hapa, na za maegesho."

"Maegesho?" Nikaweka bilauri chini. "Mmelichukua wenyewe, mkaliweka uani kwenu wenyewe, halafu mnanitoza mimi kwa sababu lililala?"

"Ndivyo mkataba unavyosema, mama."

"Sawa. Raymond si yupo? Mdaini Raymond."

"Tunamdai, mama. Ila Raymond hana kitu kwa jina lake. Nyumba ni ya mama yake, duka ni la mkewe. Sheria inaturuhusu kuja kwa mdhamini. Na wewe una mashine."

"Kwa hiyo kosa langu ni kuwa na kitu."

"Si kosa, mama. Ndiyo maana ya udhamini."

Alilisema taratibu, kama nesi anayekwambia mguu unakatwa. Akanieleza nisipolipa salio lote mpaka mwisho wa mwezi unaofuata, dalali atakuja kuuza mashine, na wametangulia kupata kibali mahakamani. Nilitaka kumchukia nikashindwa. Alikuwa amenieleza kwa Kiswahili chepesi, ndani ya saa moja, kitu ambacho mimi nilikikataza kisisomwe siku ile ya pumba.

Nikaenda moja kwa moja Old Korogwe. Raymond nilimkuta barazani kwa duka la mkewe, Rhoda, anacheza drafti na wanaume wenzake, kahawa mkononi. Kuniona tu, akasimama.

"Jamani, tupisheni! Mzigua kaamka! Mama, umefikaje huku jua lingali juu?"

Baraza zima likacheka. Nikamwambia, "Raymond, leo sikuja kutaniana. Wanakuja kuchukua mashine yangu."

"Waichukue! Kelele zake zinatuzuia kulala mpaka huku Korogwe."

Kicheko. Nikamwambia, "Nasema kweli. Mtoto wangu atafukuzwa chuo."

"Aje nimwoe! Mahari nitaleta Noah!"

Hapo jamani nilishindwa. Nilipiga ubao wao wa drafti kwa mkono, vizibo vikaruka mpaka barabarani. Nikamwita mwizi. Nikamwita mbwa. Unadhani kuna aliyeshtuka? Walipiga makofi! Mzee mmoja mwenye kofia akanyanyua kidole kama hakimu: "Aah, mama, umekasirika. Mtani hakasiriki. Faini!" Wengine wakaitikia, faini, faini. Na mimi, mtu mzima, nimetoka kuambiwa nafilisiwa, nikafungua pindo la khanga nikawalipia kahawa wote. Wote! Na Raymond naye akaongeza kikombe cha pili.

Mwenzangu, ukitaka kuiba bila kukimbia, mwibie mtani wako.

Rhoda peke yake hakucheka. Alinitolea chapati ndani ya gazeti, akaangalia pembeni. Raymond akanisindikiza mpaka njia ya stendi, na tulipokuwa wawili tu akabadilika, sauti ikashuka, mpaka nikamwona yule kijana aliyemzika Mhina pamoja nasi na kulia kwelikweli.

"Hamisa, dada yangu, usinione nacheka. Pale kuna wanaonidai, siwezi kusema mambo ya hela. Mama kauza kipande cha shamba. Siku ya mnada nitakuja na hela taslimu. Nakuapia."

"Mbona usiwapelekee sasa hivi ofisini?"

"Mnunuzi bado hajanimalizia. Siku hiyo nitakuwa nazo mkononi. Niamini."

Nikamwamini. Si kwa sababu ni mwaminifu, nilishamjua. Nilimwamini kwa sababu aliniita dada, na tangu nimfahamu hakuwahi kuniita jina lolote zuri.

Huku nyumbani nako watu hawakulala. Mwenyekiti wetu wa kitongoji, mzee Athuman, aliitisha kikao mbele ya mashine, akatoa wazo ambalo wote tuliliona ni la akili nyingi. Dalali, alisema, hauzi kitu kama hakuna mnunuzi. Basi siku hiyo asinunue mtu. Mtu asinyanyue mkono hata kufukuza nzi. Dalali atapiga kelele mpaka atachoka, atarudi alikotoka, na mashine ya Mama Yusra itabaki. Na Raymond akija na hela zake, mambo yamekwisha vizuri zaidi.

Watu wakalichukua hilo kama dini. Walikwenda mpaka Kwaluguru kuwaambia wenye mashine wenzangu wa huko, na wale, Mungu awabariki, wakakubali. Kulikuwa na tajiri mmoja wa Mkata aliyesikia tangazo akaja mapema na hela zake. Kina mama walimwekea chai na mihogo, wakamweleza kwamba unga utakaosagwa na mashine ile akiichukua utakuwa na machozi ya mjane. Alimaliza mihogo akageuza pikipiki. Tulimpigia makofi alivyoondoka. Mtu wa pekee ambaye angenunua kwa bei ya haki, tulimfukuza wenyewe, na tukajisifu.

Siku ikafika. Nilisaga mpaka dakika ya mwisho, maana wateja walikuwepo. Dalali akaja, bwana mmoja anaitwa Mustapha, kutoka Tanga mjini, na spika ya mkononi ingawa watu tulikuwa tumemzunguka kama harusi. Elina naye alikuja, amesimama kivulini na mafaili yake. Mustapha akaanza na bei kubwa. Kimya. Akashusha. Kimya. Akashusha tena, watu wakaanza kutabasamu. Kila akishusha, furaha inapanda. Aliposhusha mpaka bei ya mbuzi watatu walionona, wazee walikuwa wanapigana mabega kwa raha. Elina niliona anataka kuniambia kitu, anatikisa kichwa. Nikamgeuzia kisogo. Nilijua ana wivu wa mpango wetu.

Ndipo Fuso ikaingia. Mbele amekaa Raymond, na anayeendesha ni Lukasi, kaka yake Rhoda.

"Mtani kaja!" watu wakapiga kelele. "Mtani kaja na hela!"

Raymond akashuka, bahasha mkononi kweli, akaipunga juu. Nilipata nguvu mpaka za miguuni. Akauliza bei iko wapi, akaambiwa. Akanyanyua mkono.

"Nachukua mimi."

Mustapha akatazama huku na huku. Nani wa kuongeza? Tulikuwa tumekubaliana hakuna wa kunyanyua mkono, na watu wetu ni wa ahadi. Mikono yote ilikuwa nyuma. Dalali akahesabu mara ya kwanza, ya pili, ya tatu, akagonga debe langu la kupimia mahindi, mauzo yamepita. Vigelegele! Na mimi nilipiga, cha kwangu kilikuwa kirefu kuliko vyote. Tulielewa wote kwa pamoja: mjanja huyu, badala ya kulipa deni kubwa, anainunua kwa bei ya bure anirudishie. Nilisema moyoni, Raymond nimekukosea sana.

"Stakabadhi niandike jina gani?" Mustapha akauliza, alipomaliza kuhesabu hela za bahasha.

"Andika Lukasi," akasema Raymond.

Hapo. Hapo ndipo ningepaswa kuamka. Mtu anayekutania haandikishi jina la shemeji yake. Lakini Raymond alikuwa ameshanigeukia, mikono kiunoni. "Haya Wazigua, mashine yangu! Nani atanibebea, au mmelala?"

Watu hoi kwa kicheko. Wakaona kumbe utani ni mpaka mwisho, mtani anataka ipakiwe kwenye gari, atoe hotuba yake, ndipo aishushe. Basi wakamsaidia! Mzee Athuman mwenyewe, mwenyekiti, alishika spana akafungua boliti. Vijana wakabeba kinu, wakabeba injini, wanaimba. Mimi nilikuwa nasema, "Angalieni mkanda huo, ni mpya!" Injini ilipopanda juu ya Fuso nikapaza sauti, "Eti mbebaji mizigo, leo tumekubebea sisi!" Watu wakaanguka. Raymond naye alicheka, lakini alicheka akipanda mbele na kufunga mlango.

Fuso ikawaka. Ikatoka taratibu, ikaingia lami, ikaelekea Segera. Watu wanapunga mikono.

Tulisubiri igeuze.

Kina mama walikuwa bado na mahindi yao vichwani, maana walijua mashine itarudi waendelee na foleni. Magari mengine yalipita, malori, mabasi ya kwenda Arusha. Kila Fuso ikitokea upande wa Segera, watu wanashangilia, inapita. Taratibu kelele zikapungua. Mzee Athuman alisimama na spana mkononi, akaniuliza kwa sauti ndogo, "Mama Yusra, si anatania?"

Elina alifika kabla sijamjibu. Akanipa pole, na nadhani ilikuwa ya kweli. Akasema alijaribu kunionyesha ishara. Akasema sheria haimkatazi mtu yeyote kununua mnadani, na Lukasi wao hawamdai kitu. Halafu, kwa ile sauti yake ya unesi, akasema kwa kuwa mashine imeuzwa kwa bei ya chini mno, imetosha kumlipa dalali na sehemu kidogo tu ya deni. Salio lililobaki bado ni langu. Kama kungekuwa na hata mnunuzi mmoja wa kushindana, akasema, deni lingekwisha na ningebakiwa na chenji.

Nilitazama pale mashine ilipokuwa. Lilibaki zege, mafuta na unga. Akilini nikamwona Yusra anashuka kwenye basi na mizigo yake yote. Nikakaa chini kwenye pumba, nikashika kichwa, nikalia. Sikulia kwa adabu. Nililia kwa sauti, namtaja Mhina, namtaja mama yangu, namlaani Raymond na babu yake na meli au treni au miguu iliyomleta, nagaagaa.

Na watu wangu, wanaonipenda, waliofukuza wanunuzi kwa ajili yangu, wakatazamana. Mmoja akaanza kucheka, kidogo, kisha mwingine. Walidhani zamu yangu imefika, namjibu mtani, naigiza kilio kama tunavyoigiza misibani. Wakapata nafuu, wakacheka kwa nguvu zote. "Mama Yusra hajambo!" akasema mtu. Mama mmoja akafungua khanga yake akanitunza sarafu, ikaniangukia mapajani, na wengine wakafuata.

Nililia huku nikiziokota, maana salio nilikuwa nimeshaambiwa.